Mama Kagua: Mlinzi anayewashuku watoto wanaosoma

Saa tisa alasiri, na shule za jirani zimeshawaachia wanafunzi. Kwenye ukumbi wa kuingilia maktaba kuna meza moja ya mbao, kiti ambacho mguu wake umefungwa waya, na rafu yenye vijumba vya kuwekea mabegi. Nyuma ya meza amesimama mwanamke wa makamo mwenye sare ya bluu, kofia imekaa sawa, mikono ameikunja nyuma. Saa kama hizi hakai. Anasema akikaa tu, watoto wanampita juu ya kichwa.

"Shikamoo," anasema msichana wa kwanza kuingia.

"Marahaba. Begi hapa. Nyanyua mikono."

Msichana ananyanyua mikono. Mlinzi anampapasa mgongoni, anampapasa kiunoni, anamtazama machoni, kisha anampa kibao cha namba kwa ajili ya begi lake. Anafuata mwingine, na mwingine tena. Mvulana mmoja mrefu anataka kupita na kitabu kinene cha hesabu. Kitabu kinachukuliwa, kinatikiswa kichwa chini miguu juu, kurasa zinapeperushwa kwa kidole gumba, kisha anarudishiwa.

"Ndani ya hesabu mara nyingi mna kitu kingine," anasema mlinzi, macho yakiwa bado kwa watoto na wala si kwa anayezungumza naye.

Watoto wanamwita Mama Kagua. Walimpa jina hilo wenyewe, kwa kificho, wakidhani halijui. Analijua, na hata amelipenda. Amewahi kuitwa mabaya zaidi.

Kabla ya kuletwa hapa alilinda mlango wa duka kubwa la nguo kwa miaka mingi, na huko ndiko alikosomea hii kazi yake ya kutomwamini mtu. "Mteja anaingia mwembamba, anatoka mnene," anasimulia. "Nikimpeleka pembeni, ana magauni matatu, moja juu ya jingine. Na alikuwa ameniamkia vizuri kabisa! Tangu hapo, mtu akiniamkia vizuri sana namwangalia mara mbili."

Ameajiriwa na kampuni ya ulinzi, si na maktaba. Mshahara wake unakwisha kwenye kodi ya vyumba viwili anavyoishi na mama yake mzazi na mtoto wake wa mwisho. Kinachobaki hakifiki katikati ya mwezi. Kampuni haina mjadala. Mwenye jengo akilalamika, mlinzi anaondolewa asubuhi na mwingine analetwa mchana, na aliyeondolewa anaambiwa asubiri simu. Wapo wenzake ambao wanasubiri simu hiyo hadi leo.

Kwa hiyo Mama Kagua hachezi na mlango.

Maktaba yenyewe ni ya ghorofa mbili. Chini upande wa kulia kuna chumba cha vijana, chenye viti vya plastiki, feni mbili ambazo moja tu inazunguka, na madirisha yaliyopigiliwa wavu wa chuma. Juu kuna ukumbi wa watu wazima, wenye makabati marefu ya ripoti za serikali ambazo hata wazee wanaokuja kusoma magazeti hawazigusi. Mlango wa kutokea ni mmoja, na ni wa Mama Kagua.

Mtu akiwatazama vijana wa chumba kile kwa jicho la mlinzi, ataona mambo. Mama Kagua ameyaona yote, na hakuna hata moja lililompendeza.

Kuna msichana anayeanza kitabu kwa ukurasa wa mwisho. Anausoma, anatikisa kichwa kama aliyeridhika, kisha anarudi mwanzo. "Huyo hawezi kuwa mtu mzuri," anasema mlinzi. Kuna mvulana anayesoma amesimama, mgongo ukutani, kama mtu anayengoja kuitwa. Kuna marafiki wawili wanaosoma kitabu kimoja pamoja. Mmoja ana kasi, akifika chini ya ukurasa anatazama dari na kuhema kwa sauti mpaka mwenzake amfikie, na wameshawahi kugombana hadi kununiana siku mbili kwa sababu mwenye kasi alifunua kabla ya wakati. Kuna mwingine anayelia. Ukimwuliza, anasema ni vumbi.

Na kuna wale wa hesabu. Hao wanasimamisha kitabu cha darasani mbele yao, kikubwa, kirefu, na nyuma yake kimelala kitabu cha hadithi. Mwalimu akipita anaona mwanafunzi mwenye bidii. Mama Kagua anaona mabega yanayotikisika.

"Nikamwambia mmoja, hesabu gani hiyo inayochekesha? Nionyeshe na mimi nicheke. Akafunga vitabu vyote viwili."

Alikuwa na hakika kwamba mtoto anayeficha anachosoma ana jingine analolificha. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu yake, na kwa muda mrefu ilimtosha.

Kisha vitabu vikaanza kupotea.

Mwanzoni mwa mwaka wafanyakazi wa maktaba walihesabu vitabu vya chumba cha vijana, kama wanavyofanya kila muhula. Waligundua vitabu kumi na tisa havipo rafuni na hakuna aliyeviazima. Vyote vilikuwa vya hadithi. Hakuna kitabu cha sayansi kilichopotea, wala cha historia. Hakuna mwizi aliyejisumbua na kamusi.

Mkuu wa maktaba, mwanamume mpole mwenye miwani ya kamba shingoni, alimwita mlinzi ofisini. Hakumgombeza. Alimwuliza tu, kwa upole ule ule, kama ana mazoea na muuza vitabu vya mitumba anayetandika turubai lake ng'ambo ya barabara.

"Nikasema namsalimia asubuhi, basi. Akasema, aha. Akaandika kitu. Ile 'aha' yake, ndugu yangu, sikulala nayo vizuri."

Alielewa palepale. Mlango ni mmoja na unalindwa na mtu mmoja. Vitabu havina miguu. Ama mlinzi ni kipofu, ama amekula njama. Aliyezoea kuwatilia watu shaka akajikuta ametiliwa yeye, na anakiri ilimuuma kuliko alivyotarajia. Alijua pia kwamba sasa amekalia kuti kavu, kwa sababu kampuni ingepigiwa simu moja tu na kazi ingeota mbawa.

Akaanza kukagua kwa hasira. Aliwavua watoto viatu. Aliingia choo cha wasichana kuangalia kama wavu wa dirisha umekatwa, akakuta mzima. Jioni baada ya kufunga alikwenda ng'ambo ya barabara akapekua turubai lote la muuza vitabu, kitabu kimoja kimoja, akitafuta muhuri wa maktaba. Hakuupata. Muuza vitabu alimwuliza kama anatafuta kitu maalumu.

"Nikamwambia natafuta mwizi. Akaniambia wezi hauzi."

Watoto wakaanza kumchukia waziwazi. Wengine waliacha kumwamkia. Yeye akaona hiyo ni dalili nyingine.

Kati yao wote, macho yake yalikuwa kwa mmoja. Ni msichana wa miaka kumi na sita hivi, mwembamba, mkimya, aliyekuwa akija kila siku na koti kubwa la kiume juu ya sare ya shule. Jua liwake, lisiwake, koti lipo. Wenzake wanamwita Koti. Ndilo lililomponza. Mtu aliyelinda duka la nguo haoni koti, anaona mahali pa kutia vitu.

"Nilimpekua huyo mtoto kila siku ya Mungu," anasema. "Mifuko yote, hadi bitana. Nikakuta peremende, nikakuta kalamu. Sikukuta kitabu hata kimoja. Ndipo nikajua ni fundi."

Koti hakuwahi kulalamika. Alivua, akasubiri, akavaa, akaenda kukaa kwenye kiti kilekile karibu na feni isiyofanya kazi. Alisoma mpaka kengele ya kufunga. Kisha, na hapa ndipo mlinzi alipoanza kunusa jambo, kabla ya kutoka alipanda ghorofani. Alikaa kidogo, akashuka, akatoka mikono mitupu.

Mama Kagua aliuliza huko juu anakwenda kufanya nini. Msichana alisema anaangalia ripoti za mvua.

"Ripoti za mvua! Msichana wa miaka kumi na sita anataka nini na mvua iliyonyesha kabla hajazaliwa?"

Kichwani mwake mambo yakajipanga. Huko juu kuna dirisha. Chini ya dirisha kuna uchochoro. Katika uchochoro lazima kuna mvulana, mikono ameikinga. Kitabu kinashushwa, mvulana anakidaka, mlango wa Mama Kagua unabaki msafi na yeye anachezewa shere. Alifurahi kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Siku iliyofuata alimwomba mwenzake anayefagia amshikie meza. Msichana alipopanda, naye akapanda, viatu mkononi, miguu peku, akiegemea ukuta ili ngazi za mbao zisilie. Anasimulia hatua hizo kwa mkono ukiwa kifuani. Ukumbi ulikuwa mtupu isipokuwa mzee mmoja aliyesinzia juu ya gazeti. Dirisha lilikuwa limefungwa. Koti alikuwa amechuchumaa mbele ya kabati la mwisho kabisa, la ripoti za mvua na mavuno, mkono wake umezama nyuma ya majalada hadi kwenye kwapa.

"Usitoe mkono," alisema mlinzi. Halafu akaona amekosea. "Toa mkono! Toa na ulichoshika!"

Msichana akautoa. Mkononi alikuwa na kitabu cha hadithi, jalada limechakaa, muhuri wa maktaba unaonekana.

"Sijaiba, mama," alisema. "Nimekizika tu."

Ilichukua muda Mama Kagua kuelewa, na alielewa kwa sababu alianza kuvuta ripoti za mvua moja baada ya nyingine na kuziweka chini. Nyuma yake palikuwa na nafasi ya kiganja kati ya majalada na ukuta wa kabati. Katika nafasi hiyo, katika vumbi, vilisimama vitabu vya hadithi. Vingine vilikuwa rafu ya chini, nyuma ya takwimu za mifugo. Kila kimoja kilikuwa na kitu kimechomekwa ndani: uzi, jani kavu, kipande cha tiketi, karatasi ya peremende iliyokunjwa vizuri.

Msichana alieleza huku akiangalia chini. Kadi ya kuazimia vitabu lazima mzazi aisaini, na mzazi akisaini ndiye atakayelipa kitabu kikipotea, kwa hiyo wazazi wengi hawasaini. Asiye na kadi anasoma humu humu. Kengele ikilia, kitabu kinarudi rafuni, kesho yake mwingine amekishika na yeye hakiachi mpaka akimalize. Unaweza kuachwa katikati ya hadithi mwezi mzima. Ndipo mmoja wao, hakumtaja, akagundua ripoti za mvua. Unazika ulipofikia, kesho unafukua, unaendelea. Ukimaliza, unarudisha rafuni kwa heshima. Na hakuna anayefukua cha mwenzake. Huo ni mwiko.

"Kwa hiyo vyote viko humu?" aliuliza mlinzi.

"Vya kwetu, ndiyo. Visivyo vya kwetu sijui."

Hapa ndipo mtu makini kama Mama Kagua alipofanya kosa ambalo duka la nguo lilipaswa kumfundisha asilifanye. Furaha ilimpanda kichwani. Alimwambia msichana, "Nenda nyumbani, tutaongea kesho." Akatafuta katoni, akavijaza vitabu vyote, akashuka navyo kwa mbwembwe, akavitua mezani kwa mkuu wa maktaba. Kidhibiti anacho. Shahidi amemwachia aende zake.

Mkuu alivaa miwani. Alivihesabu. Vilikuwa kumi na tisa. Kisha akavua miwani.

"Mama, umejuaje vilipo?"

Alieleza. Alieleza koti, mvua, kuzika, kufukua. Kadiri alivyozidi kueleza, ndivyo alivyojisikia mwenyewe kama mwongo.

"Mtoto wa siku hizi," mkuu alisema, taratibu, "afiche kitabu ili akisome? Angeficha simu, ningekuelewa. Hawa hawasomi, mama. Kila mkutano tunaokaa tunazungumzia jinsi wasivyosoma." Aligonga katoni kwa kidole. "Nimekuuliza juu ya mtu wa ng'ambo ya barabara, na wiki mbili baadaye vitabu vyote vinapatikana, vyote, na anayevipata ni wewe. Ungekuwa wewe mahali pangu ungefikirije?"

Mama Kagua anasema alijua hasa angefikirije. Angefikiri vivyo hivyo. Angekuwa ameshapiga simu.

Mkuu, kwa upole wake, alimpa mpaka mwisho wa wiki amlete huyo msichana. Asipomleta, kampuni itaarifiwa.

Koti alikuja kesho yake kama kawaida. "Shikamoo," alisema, akaanza kuvua koti mwenyewe.

"Acha," alisema mlinzi. Alimweleza kwa kifupi. Anakumbuka kwamba hakumbembeleza, kubembeleza hajui. Alimwambia tu kazi yake iko mashakani na mwenye kuiokoa ni yeye.

Msichana alitazama ukutani, penye tangazo la kanuni za maktaba. Kanuni ya mwisho inasema anayevunja kanuni ataitiwa mzazi.

"Mama, baba yangu akiitwa hapa mimi nimekwisha," alisema. "Baba haamini kama nakuja kusoma. Anasema maktaba gani ya kila siku. Anasema kuna mtu."

Baba huyo ni fundi wa kufuli na funguo, mwenye kibanda karibu na soko. Kazi yake kutwa nzima ni kuwauzia watu kufuli kwa sababu ya watu wengine, na nyumbani, kwa maelezo ya binti, hali si tofauti. Hajawahi kusaini kadi. Hajawahi kuingia maktaba. Anahesabu tu muda kati ya kengele ya shule na binti kufika mlangoni, na hesabu haimtoshi.

Mama Kagua alipokea begi lake. Alimpa kibao cha begi. Nusu saa baadaye alimwona Koti akitoka chumba cha vijana bila kumwangalia, akapotea upande wa ofisi na vyoo.

"Nikasema ndiyo hivyo. Anatafuta pa kutorokea. Kanikimbia. Na ukweli, sikumlaumu. Nilikuwa nimempapasa wiki mbili nzima kama mwizi, nimdai wema gani?"

Hakuwa ametoroka. Mfagizi alikuja mbio kumwita. Koti alikuwa amesimama katikati ya ofisi ya mkuu, peke yake, mikono ndani ya mikono ya koti. Mkuu alikuwa ameifungua ile katoni, na kwa kuwa naye hakuwa mtu wa kuamini ovyo, aliamua kumpima.

"Chako kipi?"

Msichana alikionyesha.

"Umefika wapi?"

Akaanza kusimulia. Alisimulia mwanzo wa hadithi yenyewe, ya mwanamke anayerudi kwenye nyumba aliyofukuzwa na kukuta imepangishwa kwa adui yake. Alisimulia kwa kigugumizi kwanza, kisha akasahau alipo, sauti ikapanda, mikono ikatoka kwenye koti. Mkuu alikuwa amefungua kitabu na kidole chake kinafuata. Mama Kagua alisimama mlangoni, amekunja mikono, akitafuta uongo katika sauti ile kama anavyotafuta siku zote. Alikosa. Msichana akafika mahali mwanamke anagonga mlango usiku na mlango unafunguliwa. Akanyamaza.

"Nani amefungua?" aliuliza mkuu.

"Sijui. Hapo ndipo mmenifukulia."

Mkuu alitazama ukurasa. Uzi mweusi wa koti ulikuwa umelala palepale.

Baadaye waliingia wengine. Hakuna aliyewaita; walikuwa wamejazana kwenye korido wakisikiliza. Mrefu wa hesabu alionyesha chake, na wale marafiki wawili wakaonyesha chao, wakianza kubishana hapohapo kuhusu ni nani aliyekuwa mbele. Mwenye vumbi machoni naye alikuja. Kila mmoja alisimulia mpaka alipozika, na kila mmoja alinyamaza mahali kitu chake kilipochomekwa. Mkuu wa maktaba, ambaye kwa miaka mingi amekaa mikutanoni akisema vijana hawasomi, aliacha kupima walipofika wa sita au wa saba. Alisema inatosha. Mama Kagua anashuku alikuwa na vumbi machoni yeye pia.

Kampuni haikupigiwa simu. Siku hizi chumba cha vijana kina rafu moja fupi karibu na mlango, na anayekatishwa na kengele anakiacha kitabu chake hapo chini ya kipande cha karatasi chenye namba ya begi lake. Ripoti za mvua zimerudishwa mahali pake. Mlinzi hupanda kuzichungulia mara kwa mara. Hajakuta kitu, jambo ambalo analiona si la kawaida.

Lakini kanuni ni kanuni, na mkuu ni mtu wa kanuni. Wazazi waliitwa. Wengi walikuja wakiwa wamekasirika wakaondoka wakiwa hawajui wajisikieje. Mama mmoja aliomba aonyeshwe kiti ambacho mwanawe hukaa, akakikalia kidogo. Wawili walisaini kadi papo hapo.

Baba yake Koti alikuja na aproni ya kazi, funguo zinagongana kiunoni. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema nusu saa ya kusoma angeielewa. Kila siku, mpaka wanafunga? Kwa kitabu? Alitazama chumba kile, akamtazama yule mrefu, akamtazama mwenye kusoma amesimama. Kisha akamshika binti mkono.

Mlangoni walimkuta Mama Kagua. Msichana alitoa kibao chake, akapewa begi lake. Fundi alikuwa amesimama palepale, umbali wa mkono. Mlinzi, ambaye hajawahi kuishiwa maneno, hakusema neno.

"Kazi yangu nilikuwa nimeshaipata," anasema. Kwa mara ya kwanza leo anakaa kwenye kile kiti chenye waya. "Nilikuwa nimeipata kwa mdomo wa huyo mtoto. Baba yake alipokuwa hapo mbele yangu, nikaogopa nisije nikaiharibu tena. Nikanyamaza. Nimeona aibu, sijawahi kuona aibu kama ile."

Koti hajarudi tangu siku hiyo. Kitabu chake kilikaa kwenye rafu fupi kwa muda, kisha kanuni ikakirudisha kwa wote. Yule mvulana mrefu ndiye anayekisoma sasa. Mama Kagua anamtazama kwa jicho baya kila anapofungua ukurasa, na mvulana hajui kosa lake.

Jumapili hii ni siku yake ya mapumziko. Ameshaulizia kibanda cha fundi kilipo, na atakwenda na sare yake, ili mzee asimdhanie mtu wa mitaani. Hana uhakika kama atasikilizwa. Anamshuku yule fundi kwamba ni mbishi. Lakini maneno ameshayapanga, na anayasema kwa sauti ya chini, macho yakiwa mlangoni ambako watoto wengine wanaingia.

"Nitamwambia: fundi, wewe unamshuku binti yako ukiwa kibandani. Mimi nimemshuku nikiwa naye. Nimempekua hadi bitana ya koti. Nimekagua hadi choo cha wasichana, nimepanda ngazi nyuma yake peku kama mwizi, nikimtafutia huyo mvulana unayemtafuta wewe, na nilimtaka awepo kuliko unavyoogopa wewe awepo, maana ndiye angeniokoa. Hayupo. Nakuapia mimi nisiyemwamini mtu. Kuna kitabu tu, fundi, na mtoto hajakimaliza."